Stika za gari zinanyanyuka kingo baada ya wiki mbili, vinaili feki au mimi ndo nakosea?

FundiStika:
Wakuu habari za kazi. Nina kiduka kidogo cha stika, mashine ya kuprinti moja ya wino wa solventi, plota moja ya kukatia stika, na meza ambayo mguu mmoja nimeuwekea kipande cha perspeksi isiyumbe. Sasa nimepiga grafiki kwenye gari la mizigo, haya ya mwili wa kisanduku yenye mfereji unaopita katikati ya ubavu, pande zote mbili pamoja na milango ya nyuma. Siku natoa gari lilikuwa linang'aa mpaka mimi mwenyewe nikalipiga picha. Wiki mbili tu mteja kalirudisha. Kingo za herufi zimejikunja kama jani kavu, kwenye mfereji stika imeachia imetanda kama ngozi ya ngoma, ukibonyeza kwa kidole inalia tup inaingia, ukiachia inarudi. Na kule chini nyuma ya tairi imebanduka kipande kizima.

Mteja anasema nimemuwekea feki. Mi nimenunua rola ya vinaili, ile plastiki ya stika, ile ile niliyoizoea, imebaki kama nusu na sasa hivi nataka kuitupa niagize nyingine nianze upya. Kabla sijaharibu tena naomba mawazo yenu.

Bleedi45:
Feki hiyo mkuu, huna haja ya kujiuliza. Siku hizi rola zinakuja na lebo ile ile ila ndani kitu kingine. Tupa.

KijanaWaLemineta:
Mi nahisi hukupiga hiti gani (ile bunduki ya hewa ya moto) ya kutosha. Ikijikunja ipige moto tu inarudi, mi huwa nafanya hivyo na hakuna mteja amerudi.

FundiStika:
@KijanaWaLemineta nimejaribu mdogo wangu, ikiwa ya moto inalala vizuri kabisa, kesho yake asubuhi imeamka tena.

Mzee wa Plota:
Kijana usitupe rola na usiprinti chochote. Ukiprinti sasa hivi utakuwa unarudia kosa ambalo hata hulijui. Nimekaa kwenye hizi kazi muda mrefu na kitu kimoja nimejifunza, stika ikiachia gari huwa inakuachia na ushahidi, ila watu wanaikunja wanaitupa kwenye pipa kwa hasira. Ushahidi uko kwenye gundi. Rudi kwenye gari, bandua vipande vitatu, kimoja cha kingo za herufi, kimoja cha kwenye mfereji, kimoja cha kule chini nyuma ya tairi. Usivipige moto, vibandue vilivyo. Halafu kila kimoja kigeuze uangalie haya: gundi imebaki kwenye stika au kwenye rangi ya gari? Ni kavu au laini ya kuvutika? Ina harufu? Na kabla hujabandua kwenye kingo, angalia kama stika imerudi nyuma ikaacha mstari wa gundi nje yake.

Pia nijibu: vinaili ni kasti au kalenda? Baada ya kuprinti ulikaa muda gani ndo ukaweka lamineti, ile filamu ya kufunika juu? Na gari uliliosha na nini?

dadaRola:
Mzee umeongea. Halafu @FundiStika utuambie na lamineti ni ya aina gani, watu wanaisahau sana hiyo, unaweka vinaili nzuri chini halafu juu unaifunika na lamineti ya bei ya chini, ile ya juu ikisinyaa inaivuta ya chini nayo.

FundiStika:
Nimerudi wakuu, nimeshinda nimechuchumaa pembeni ya gari. Majibu haya hapa.

Vinaili ni kalenda ya polima, lamineti ni ya kampuni hiyo hiyo seti moja. Kuprinti nilimaliza jioni, nikaiacha kama masaa mawili hivi nikaweka lamineti usiku huo huo, asubuhi nikaingia kubandika sababu mteja alikuwa analitaka gari. Gari niliosha na maji na sabuni nikalikausha.

Kingo za herufi: kuna mstari wa gundi umebaki nje ya herufi, kama milimita 2 hivi, umeshashika vumbi umekuwa mweusi. Kubandua tu gundi inavutika kama utando wa buibui, nyingine imebaki kwenye rangi. Na nikinusa, aisee, inanuka wino kabisa, wiki mbili zimepita.

Kwenye mfereji: gundi nzima iko kwenye stika, safi. Nikikibandika kile kipande kwenye kioo kinashika vizuri tu.

Nyuma ya tairi: gundi iko kwenye stika ila ukiigusa inateleza, kama ina mafuta. Kwenye kioo haishiki.

Mzee wa Plota:
Sasa umeona? Hapo una magonjwa matatu tofauti kwenye gari moja na hakuna hata moja ambalo ni rola feki. Ungetupa ile rola ukanunua ya bei mara mbili yote matatu yangerudi.

La kwanza, kingo. Huo ni wino ambao haujapumua. Wino wa solventi ukitoka kwenye hedi ya mashine unaingia kwenye vinaili, ndo maana unashika, unailainisha kidogo. Ile solventi inatakiwa itoke hewani. Wewe ukikuta kwa mkono pamekauka unadhani imekwisha, kumbe juu ndo pamekauka, chini bado imo. Ukiifunika na lamineti umeifungia mlango wa juu. Itaenda wapi? Inashuka chini kwenye gundi inailainisha, filamu inakuwa legelege inaanza kusinyaa, gundi haina nguvu ya kuishikilia, kingo zinarudi nyuma. Mstari wako wa milimita 2 ndo huo. Na harufu imekuthibitishia.

Ikae masaa 24 kwa uchache. Na isikae imekunjwa kwenye rola imebana, hapo hata ukiacha siku tatu ni bure, hewa haipiti. Mimi naikunja kwa ulegevu, rola pana ambayo mkono unaingia katikati ya mizunguko, naisimamisha wima juu ya waya wa matundu hewa ipande kutoka chini. Kama kazi ina rangi nzito, nyeusi iliyojaa au bluu iliyokolea, naiacha siku mbili.

KijanaWaLemineta:
Mzee lakini wa kwangu ni ule wino wa eko, si hauna solventi?

Mzee wa Plota:
Ni solventi kijana, nyepesi tu na haina ile harufu kali, ndo maana watu wanadanganyika. Tena mingine inatoka taratibu zaidi. Wino usiohitaji kusubiri hivyo ni wa mwanga wa UV, ule unakauka pale pale kwa taa, na wa lateksi ambao mashine yenyewe inaupika kwa joto.

FundiStika:
Duh. Na mteja alinisukuma sana siku ile, ila sawa, kosa langu. La pili na la tatu?

dadaRola:
La pili ngoja niseme mimi maana mfereji umeniliza sana. Gundi safi na bado inashika maana yake uso ulikuwa safi na gundi nzima, ila filamu ilivutwa ikakataa. Vinaili ya kalenda inatengenezwa kwa kukandamizwa kati ya rola za moto, inavutwa inakuwa bapa, kwa hiyo ndani yake kuna mvutano tayari, inakumbuka ilikotoka. Ya kasti inamwagwa ikiwa majimaji inapikwa, haijavutwa na mtu, ndo maana nyembamba, inazunguka kwenye maikroni 50, na inakubali kulala kwenye mabonde. Sasa wewe umechukua inayokumbuka ukaisukumia kwenye mfereji, kila siku jua likipiga inakumbuka nyumbani.

Kwa kalenda ya polima kama yako usilazimishe. Pitisha juu ya mfereji, halafu kata kwa wembe mwepesi kwenye kona ya ndani juu na chini, toa kile kipande, mfereji ubaki na rangi ya gari au uwekee ukanda wake peke yake. Mteja akiwa mbali haoni hata.

Ukitumia kasti unaweza kuingia ila kuna namna. Kosa la wengi ni kubandika juu ya mfereji, wanabandika chini ya mfereji, halafu wanaisukuma katikati na kidole. Hapo pande zote mbili zimeshashika, filamu haina pa kutoka zaidi ya kuvutika. Bandika upande wa juu tu, chini kuwe huru, iingize mferejini taratibu ikiwa na joto kidogo ijilishe yenyewe, ikishakaa ndo unaendelea chini. Ukimaliza yote rudi na hiti gani.

KijanaWaLemineta:
Si ndo nilisema hiti gani 😂

dadaRola:
Ulisema moto wa kurudishia iliyonyanyuka, mdogo wangu, huo ni mwingine. Moto wa mwisho ni wa kuua kumbukumbu, filamu yenyewe ifike kama nyuzi 90 na kitu za Selsiasi, kila kampuni inaandika yake kwenye karatasi ya maelezo ya rola, isomeni jamani haiumi. Na usipime kwa kiganja, kiganja kitakuambia panaunguza na bado hujafika popote. Nunua kile kipimajoto cha kulenga, cha mwanga mwekundu. Mimi nilipokinunua ndo nikagundua miaka yote nilikuwa naishia chini sana.

Bleedi45:
Mi nimekaa pembeni najifunza, naondoa kauli yangu ya feki 😅. La tatu basi.

Mzee wa Plota:
La tatu ni rahisi. Nyuma ya tairi kunarushiwa ile dawa ya kung'arisha matairi, nyingi ina silikoni. Sabuni na maji haitoi. Kipimo ni hiki, mwagia maji safi. Yakitanda kama karatasi, panafaa. Yakijikusanya matone matone kama mgongo wa bata, kuna nta au silikoni na stika haitashika hata uombe.

Osha na sabuni kwanza kutoa tope, halafu kitoa mafuta, halafu mwisho spiriti, ile aisopropili asilimia 70. Vitambaa viwili, mkono huu wenye spiriti, mkono huu mkavu unafuata nyuma yake KABLA haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe ule uchafu ulioyeyuka unarudi kukaa pale pale, umeuhamisha tu. Pita kwenye pembe za milango, chini ya raba za vioo, kwenye bawaba. Mafuta yanajificha huko, na stika huwa inaanza kuachia huko huko.

FundiStika:
Mzee nashukuru sana. Sasa kubandua ya zamani, gundi ile laini inabaki kwenye rangi, nikikwangua naogopa kuchora gari la watu.

dadaRola:
Usikwangue na chuma. Pasha kidogo, vuguvugu tu, siyo moto, ukizidisha gundi inayeyuka inabaki yote kwenye rangi. Vuta taratibu pembe ya chini, yaani stika ijilaze karibu ijirudie yenyewe, usiivute kukuelekea wewe kifuani. Inayobaki weka kitoa gundi cha machungwa, funika na nailoni dakika kadhaa kisikauke, sukuma na skwiji ya plastiki. Halafu spiriti tena mwisho maana hicho kitoa gundi chenyewe ni mafuta. Watu wanaruka hapa wanabandika juu ya mafuta ya machungwa halafu wanafungua uzi mwingine 😂

Na gari likiwa la zamani angalia kivuli. Pale stika ilipokuwa rangi imebaki nzito, pembeni jua limeipausha, maandishi ya mwenye gari wa zamani yanasomeka bado. Hicho kivuli siyo uchafu, usihangaike nacho na spiriti. Polishi inapunguza, ila mimi nachora mpya makusudi ipite juu yake. Mwoneshe mteja kabla, asije akadhani umemchubulia.

Bleedi45:
Wakuu samahani nachepusha kidogo, plota yangu inaweka masikio kwenye kona. Yaani herufi L kona haiwi kona, inakuwa na kimkia kinatokeza, na O haifungi, mwanzo na mwisho vinapishana. Nimebadilisha bleedi, yaani kisu chake, mbili tayari.

Mzee wa Plota:
Bleedi haina kosa, ni ofseti. Kisu cha plota za kawaida kinaburutwa, ncha yake haiko katikati ya mhimili, iko pembeni kidogo kama gurudumu la mbele la toroli la sokoni. Mashine lazima iambiwe ncha iko pembeni kiasi gani ili kwenye kona ipitilize kidogo igeuke ndo iendelee. Visu vingi ni milimita 0.25, ila vipo vingine. Ukiweka namba ndogo kuliko ya kweli kona zinakuwa mviringo, ukiweka kubwa unapata masikio. Wewe punguza.

Halafu kata jaribio, mraba mdogo na pembetatu ndani yake. Toa pembetatu, mraba ubaki. Ukitoa vyote, geuza karatasi ya nyuma uangalie, unatakiwa uone mchoro hafifu kama umepitisha ukucha, siyo mkato. Ukiona mwanga unapita umezidisha presha, unaua bleedi na ule mkanda wa mashine pamoja. Ndo maana umemaliza mbili.

Bleedi45:
Nimeshusha kutoka 0.5 kwenda 0.25, kona kama wembe. Mzee Mungu akuweke. Nilinunua mashine mtumba mwenye nayo aliacha hivyo.

KijanaWaLemineta:
Na mimi niulize basi. Kukata stika juu ya gari bila kugusa rangi mnafanyaje? Mi nakata na wembe mwepesi ila moyo unadunda.

dadaRola:
Moyo una haki ya kudunda. Kuna tepu ina uzi mwembamba ndani, unaibandika kwanza kwenye gari kwa kufuata mstari unaoutaka, juu yake unalaza vinaili, halafu unauvuta ule uzi na wenyewe unakata vinaili kutoka chini. Wembe haugusi rangi hata kidogo. Kwa hiyo uzi ndani ya uzi 😂. Acha mkia mrefu wa kushika, vuta kwa kulala siyo kwenda juu, na ukishakata toa mabaki ya tepu yote, bonyeza kingo.

Pale nilipokuambia ukate kwenye kona ya mfereji ndo unaitumia hii, nilisema wembe mwepesi kwa mazoea tu. Mkwaruzo ukipita rangi, kutu inakuja baadaye kabisa na jina lako liko juu yake.

Mzee wa Plota:
@FundiStika kabla hujaprinti upya, mlango wa pembeni wa hilo gari ni wa kufungua au wa kuslaidi?

FundiStika:
Wa kuslaidi. Kwa nini?

Mzee wa Plota:
Uliufungua ukaangalia maandishi yanabaki vipi?

FundiStika:
...

dadaRola:
😂😂😂 Hapo kwenye nukta tatu ndo nilipokuwa na mimi. Kazi yangu moja ya mwanzo, namba ya simu ya mteja ilianzia mlangoni ikaishia ubavuni nyuma yake, mlango ukifunguliwa unafunika namba nne za mwisho, na gari lile lilikuwa la kupakua mizigo, kutwa nzima mlango uko wazi. Nilirudia kwa hela yangu. Siku hizi napiga picha mbili, mlango umefungwa na umefunguliwa, nimesimama mbali na kamera imenyooka usawa wa katikati ya gari, na tepu ya kupimia nimeibandika ubavuni ionekane kwenye picha. Zile templeti za kompyuta naanzia tu, siziamini kwenye kishikio cha mlango wala kifuniko cha mafuta.

Mzee wa Plota:
Na ukipanga upya angalia ukubwa wa herufi. Mafundi wengi tunakwenda na hesabu ya sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, msomaji asome bila kukaza macho. Gari linalotembea ongeza. Simu ya mteja isiwe ndogo kuliko maua aliyoyataka pembeni.

Kiungo nacho. Kama kazi haienei kwenye upana wa rola, anza kubandika kipande cha nyuma ya gari, cha mbele kije kukilalia kama sentimita moja na nusu. Upepo unapita juu kama kwenye manyoya ya ndege. Ukigeuza, upepo unaingia chini ya kiungo na barabarani kazi inaanza kujifungua yenyewe. Kwa juu na chini hivyo hivyo, cha juu kilalie cha chini, maji yateremke.

FundiStika:
Wakuu mrejesho, najua ni muda umepita.

Nilimuita mteja nikamuonesha vile vipande vitatu, nikamnusisha na ile gundi. Alicheka, akasema basi siku ile asingenikimbiza. Tukakubaliana siku tatu. Rola ile ile ya zamani, sikuitupa. Nimeprinti, nimeisimamisha wima juu ya waya siku nzima na usiku wake, ndo nikaweka lamineti. Wakati inapumua mimi nikawa nabandua na kusafisha. Kule nyuma ya tairi nimepita na kitoa mafuta mara tatu, mara ya kwanza na ya pili maji bado yanafanya matone, ya tatu yakatanda. Nilikaa nayaangalia kama mtoto.

Mfereji nimeukata kwa tepu ya uzi, ukanda wa ndani nimeuacha rangi ya gari. Simu nimeihamishia pale ambapo mlango ukifunguliwa hauifuniki. Leo wiki ya sita, gari lilipita hapa, nimekagua kingo zote kwa ukucha, hakuna hata moja inayoshika ukucha.

Ila mteja huyo huyo kaleta gari la pili. Anataka logo kwenye bampa, ile plastiki nyeusi ya mbegumbegu isiyopakwa rangi. Nimesafisha kwa spiriti vitambaa viwili kama mlivyosema, nikabandika kipande cha jaribio jana jioni. Asubuhi nimekikuta chini ya gari.

Mzee wa Plota:
Na gundi?

FundiStika:
Yote kwenye stika. Kavu, safi, haina harufu.

Mzee wa Plota:
Basi bampa limekataa, siyo wewe. Plastiki ile haishikani na gundi ya kawaida, na zile mbegu zinafanya gundi iguse vichwa tu. Mhamishie logo mlangoni.